Picha nyeusi na nyeupe ikigoma: ni karatasi, taa au dawa?

Boksi la karatasi 100 za inchi 8 kwa 10 si bei ya mchezo, na kwa anayechapa picha Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, mara nyingi limeagizwa nje na kusubiriwa wiki kadhaa. Picha ya kwanza ikitoka na weupe wa kijivu, au weusi uliopauka kama shati lililofuliwa mara mia, wa kwanza kulaumiwa ni karatasi. Inaagizwa ya kampuni nyingine, inafika, na ugonjwa ni uleule. Kumbe shida ilikuwa kwenye balbu, au kwenye trei ya dawa. Karatasi mbovu zipo, lakini ni chache kuliko zinavyosingiziwa, na kuitambua hasa ni kazi ya dakika 15.

Jaribio la vipande viwili

Lifanye kabla ya lingine lolote, tena kwa kila boksi jipya. Zima kila kitu, hata taa nyekundu ya chumba cha giza. Kwenye giza totoro, toa karatasi moja na uikate katikati. Kipande kimoja kikate kona kwa mkasi ili ukitambue kwa vidole. Chenye kona iliyokatwa kipitishe kwenye developa (dawa inayoitoa picha) kwa muda wake kamili, kisha kwenye dawa ya kusimamisha, kisha kwenye fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga). Kile kingine kiingie kwenye fiksa peke yake. Osha vyote, vikaushe, uvilaze ubavu kwa ubavu mezani karibu na dirisha mchana. Usivitazame chini ya balbu ya chumbani, maana jicho litakudanganya.

Vikifanana weupe, karatasi ni nzima na developa haina kosa. Chenye kona iliyokatwa kikiwa na kijivu, hata kidogo sana, kuna ukungu, yaani kijivu kisichotokana na picha, na ukungu huo haukutoka kwenye taa kwa sababu taa haikuwaka. Sasa rudia, safari hii taa nyekundu ikiwaka kama unavyofanya kazi siku zote. Vipande vikifanana gizani vikatofautiana kwenye mwanga mwekundu, mhalifu ni taa.

Dalili: weupe umekuwa kijivu

Ukungu ukitokea hata gizani, ipime developa kwanza, maana ndiyo rahisi kubadilisha. Maji ya bomba ya Mombasa au Tanga hufika nyuzi 28 hadi 30, ilhali muda ulioandikwa kwenye chupa ni wa nyuzi 20. Developa ya Ilford Multigrade iliyochanganywa 1+9, yaani mililita 100 za dawa kwa mililita 900 za maji, hukamilisha karatasi ya RC (ya msingi wa plastiki) kwa dakika 1 na ya FB (ya msingi wa karatasi yenyewe) kwa dakika 2 katika nyuzi 20. Ukiiacha karatasi dakika tatu nne kwenye dawa ya nyuzi 30 huku ukisubiri weusi uongezeke, utavuna kijivu. Weka trei ya developa ndani ya beseni pana lenye maji, tumbukiza chupa mbili za maji yaliyogandishwa kwenye maji ya beseni (si ndani ya dawa), na usianze kabla themometa haijashuka chini ya 24. Ukiona kazi bado inakwenda kasi mno, changanya 1+14 na uipe RC dakika moja na nusu.

Dawa ni mbichi, joto liko sawa, na kijivu bado kipo? Basi ni karatasi. Iangalie ilivyoharibika. Kijivu kilichoenea sawasawa, au kilichokolea kingo zote nne kwenye kila karatasi ya boksi, ni dalili ya uzee au joto la stoo. Kijivu kilichoingia kutoka upande mmoja, kikiwa kikali kwenye karatasi za juu na kupungua kadiri unavyoshuka, maana yake ni kwamba boksi lilifunguliwa kwenye mwanga au mfuko mweusi umetoboka. La uzee halina dawa kamili. La mwanga huwa linaacha karatasi za katikati zikiwa nzima, hivyo usilitupe boksi lote kabla hujajaribu ya 50.

Karatasi iliyozeeka kiasi inaweza kusaidiwa na benzotriazoli, kemikali ya kupunguza ukungu. Yeyusha gramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya moto, halafu weka mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye lita ya developa tayari. Rudia jaribio la vipande viwili. Ukungu ukibaki, panda hadi 20, kisha 30. Zaidi ya hapo picha inakuwa ngumu (weusi na weupe, kijivu cha kati kidogo) na rangi ya weusi inageukia ubaridi, yaani buluu, na utalazimika kuongeza sekunde za mwanga. Kwa maoni yetu, karatasi inayohitaji zaidi ya mililita 30 ibaki kuwa ya kuchapia orodha za negativu na mazoezi tu.

Ukungu unaokuja taa nyekundu ikiwaka tu una chanzo kimoja, lakini unajificha kwa njia mbili. Ya kwanza ni balbu yenyewe. Balbu nyingi za LED zinazouzwa kama nyekundu hutoa pia kijani kidogo, na karatasi za gredi zote (zile ambazo ukali wa weusi na weupe hubadilishwa kwa filta) huona kijani na buluu vizuri sana. Chukua CD ya zamani, ishike chini ya balbu hiyo chumba kikiwa giza, uigeuze mpaka uone mstari wa mwanga ukipinda juu yake. Ukiona nyekundu tupu, ni salama kwa kiasi. Ukiona hata uzi wa kijani au njano pembeni yake, balbu hiyo haifai. Vilevile taa ya manjano iliyokuwa salama kwa karatasi za kale za gredi moja si lazima iwe salama kwa hizi za leo. Na hata taa nzuri ina umbali wake: kipimo cha kawaida ni balbu ya wati 15 nyuma ya filta, isiyosogea karibu na karatasi kuliko mita 1.2.

Njia ya pili ya kujificha ndiyo inayowashinda wengi. Karatasi ambayo haijaguswa na mwanga ina kizingiti: mwanga kidogo wa taa hauichori kitu. Lakini karatasi iliyokwisha kupata mwanga wa enlaja (mashine ya kukuzia picha) imeshavuka kizingiti hicho, na hapo kila nuru ndogo ya taa inahesabiwa. Ndiyo maana jaribio la sarafu juu ya karatasi tupu hutoa jibu la uongo. Lifanye hivi: gizani, ipe karatasi mwanga wa enlaja bila negativu, wa kutosha kuleta kijivu chepesi sana (utaupata kwa kipande cha majaribio). Ilaze pale unapofanyia kazi, panga juu yake sarafu nne za shilingi, washa taa. Ondoa sarafu moja baada ya dakika 1, nyingine baada ya 2, ya tatu baada ya 4, na uizime taa baada ya 8 sarafu ya nne ikiwa bado mahali pake. Uipitishe kwenye developa gizani pia. Mahali ilipokaa sarafu ya nne hapakuguswa na taa hata sekunde moja. Duara lolote unaloliona kwa macho linaonyesha kwamba taa ilifanya kazi kabla sarafu yake haijaondolewa. Duara la dakika 4 lisipoonekana kabisa nalo la 8 likaonekana, una dakika 4 salama na si zaidi.

Karatasi ikifaulu majaribio yote na picha bado haina weupe safi, basi angalia enlaja. Mwanga unaovuja kwenye kichwa chake hupiga ukuta mweupe na kurudi mezani. Funika lenzi, washa enlaja, kaa gizani dakika tano macho yazoee, kisha tazama ukutani. Ukiona nuru, paka ukuta huo rangi nyeusi isiyong'aa au utundike kitambaa cheusi.

Dalili: weusi haushibi

Hapa chanzo karibu kila mara ni mkono wa mchapaji. Picha inaonekana kutia giza haraka, anaogopa, anaitoa kwenye developa baada ya sekunde 25. Weusi kamili haujafika. Muda wa developa ni wa kutimizwa bila kubadilishwa. Kinachobadilishwa ni sekunde za mwanga. Ikitia giza mno kwa dakika nzima, punguza mwanga.

Chanzo cha pili ni dawa iliyochoka. Lita moja ya developa ya 1+9 huhimili karatasi za RC 100 hivi za inchi 8 kwa 10, au 50 za FB, na hata isipotumika haifai kulala kwenye trei hadi kesho yake. Ikiwa ya rangi ya chai na weusi unachelewa kutokea, mwaga.

Cha tatu si kosa. Uso usiong'aa hautoi weusi wa uso unaong'aa hata ufanye nini, kwa kuwa mikunjo yake midogo hutawanya mwanga wa chumba kurudi machoni. Picha ikiwa majini inaonekana nyeusi tii, ikikauka inapauka. Ukitaka weusi wa kina, nunua uso unaong'aa. Kwa Ilford ni 1M kwenye RC na 1K kwenye FB. 44M ni uso wa lulu na 25M ni satini, nazo ziko katikati. Herufi M ni uzito wa kati na K ni karatasi nene. Foma husoma kwa tarakimu: Fomaspeed Variant 311 na Fomabrom Variant 111 zinang'aa, 312 na 112 hazing'ai, na tarakimu ya kwanza ndiyo inayotenganisha msingi wa plastiki (3) na wa karatasi yenyewe (1).

Dalili: unabadilisha filta, picha haibadiliki

Soma boksi kwanza. Neno Multigrade, Variant, VC au MG maana yake karatasi inafuata filta. Ikiwa kuna tarakimu moja tu ya gredi, 2 au 3, hiyo ni karatasi ya gredi moja kama Ilfobrom Galerie, na filta hazitaisogeza popote isipokuwa kurefusha muda. Maboksi ya stoo za studio za zamani mengi ni ya namna hii.

Kama ni ya gredi zote na bado haisikii, tazama balbu ya enlaja. Karatasi hizi zina dawa zenye kuhisi buluu na kijani kwa uwiano tofauti: filta ya majenta huzuia kijani na kuongeza kontrasti (tofauti ya weusi na weupe), ya njano huzuia buluu na kuilainisha. Balbu ya LED ya rangi ya joto ina buluu kidogo sana, hivyo ukiweka filta 4½ au 5 picha inabaki laini na sekunde zinaongezeka bila faida. Rudisha balbu ya opali (kioo cheupe cha maziwa) yenye waya unaowaka, iliyotengenezwa kwa enlaja, au LED nyeupe ya baridi, na upime upya. Chanzo kingine ni filta zenyewe. Za majenta zilizokaa miaka mingi kwenye joto la balbu hupauka katikati. Ziinue kwenye dirisha na utaliona duara lililofifia.

Seti ya Ilford ina filta 12, kuanzia 00 hadi 5 kwa nusunusu. Kutoka 00 hadi 3½ sekunde ni zilezile. Kutoka 4 hadi 5 zizidishe mara mbili. Anayesahau hilo anapata picha nyepesi kwenye gredi ya 4 na kusema karatasi imekufa. Filta hizohizo juu ya karatasi ya Foma hufanya kazi, ila gredi hazilingani sawasawa, kwa hiyo usitarajie 3 ya huku iwe 3 ya kule.

Dalili: karatasi mbili, negativu moja, picha hazifanani

Huu ndio mtego mkubwa wa wanaolinganisha kabla ya kununua. Mtu anachapa negativu ileile kwa sekunde 12 na filta 2 kwenye karatasi mbili, anaziweka pamoja, anasema hii ina weusi zaidi. Hajalinganisha karatasi, amelinganisha kasi zake. Fomatone, kwa mfano, ni karatasi ya toni ya joto (weusi unaoelekea kahawia) inayopokea mwanga polepole mno, na kwa sekunde hizo 12 itaonekana haina kitu. Yenyewe pia inataka taa nyekundu iliyokolea, si ya kahawia.

Linganisha kwa utaratibu huu. Chagua negativu yenye kitu cheupe chenye alama ndani yake, tuseme kanzu kwenye jua ambamo mshono wa shingoni unaonekana, na yenye kivuli kizito. Kwa kila karatasi, tafuta kwanza sekunde zinazoufanya mshono wa kanzu uonekane kwa shida, kabla haujapotea. Usiangalie vivuli kabisa katika hatua hii. Weupe ukishafanana kwenye karatasi zote mbili, ndipo utazame kivuli: kwenye karatasi ambayo kivuli kimezama, shusha filta nusu gredi, utafute tena sekunde za kanzu, utazame tena. Ukimaliza una picha mbili zenye weupe uleule na kivuli kilekile, na tofauti iliyobaki katikati, kwenye ngozi ya uso na ukuta wa nyuma, ndiyo tofauti halisi ya karatasi. Hapo ndipo utaona kwamba moja inatenganisha kijivu cha shavu na moja inakibana.

Usihukumu ikiwa mbichi. FB hutia giza kidogo inapokauka, kati ya asilimia 5 na 10 ya mwanga hivi, na ile kanzu iliyokuwa inapendeza kwenye trei inakuwa chafu kesho yake. Kausha kipande cha majaribio kwa kikausha nywele kabla ya kuamua sekunde. Halafu linganisha na weupe wa msingi: weka kona tupu ya karatasi moja juu ya nyingine. Moja itaonekana ya maziwa, nyingine ya buluu kidogo. Hakuna developa itakayobadilisha hilo, na kwa picha za ngozi nyeusi kwenye mwanga laini msingi wa joto kidogo huwa unakaa vizuri zaidi.

Dalili: madoa, manjano, utando kubanduka

Manjano au kahawia inayotokea baada ya wiki ni fiksa iliyochoka au kuosha kwa haraka. Fiksa ya haraka ya 1+4 (mililita 200 kwa 800) huchukua sekunde 30 kwa RC na dakika 1 kwa FB, na lita moja isipitishwe zaidi ya karatasi 80 za RC au 40 za FB za inchi 8 kwa 10. RC inaoshwa dakika 2 kwenye maji yanayotembea, basi. FB inahitaji saa nzima, kwa sababu dawa imezama ndani ya nyuzi za karatasi. Palipo na uhaba wa maji, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuanza na RC.

Utando (tabaka la dawa juu ya karatasi) ukivimba na kubanduka kingoni, maji ya kuoshea ni moto kuliko dawa, au karatasi imelala majini usiku. Asidi ya sitriki, gramu 15 kwa lita, inatosha kuwa dawa ya kusimamisha na inapatikana kwa wauza viungo. Ukiizidisha, FB hutoa malengelenge. Alama za vidole vyeusi ni mkono wenye developa ulioshika karatasi kavu, na vyeupe ni mkono wenye fiksa. Koleo moja kwa kila trei, na lisihame.

Wapi pa kununua, na boksi likifika

Viwanda vilivyosimama ni vichache. Ilford hutengenezwa na Harman huko Mobberley, Uingereza, nao hutoa pia Kentmere, ambayo ni chaguo la bei nafuu lisilo na aibu. Foma iko Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki. Kodak iliacha kutengeneza karatasi nyeusi na nyeupe mwaka 2005, na AgfaPhoto ilifilisika mwaka huohuo. Kwa hiyo boksi la Kodak au Agfa unalouziwa kutoka studio iliyofungwa lina miaka isiyopungua 20, tena mara nyingi ya joto la pwani. Usilipe bei ya karatasi nzima. Muombe muuzaji karatasi moja tu, ifanyie jaribio la vipande viwili, ndipo muelewane bei.

Ukiagiza nje, mwambie anayetuma abandike karatasi kubwa juu ya boksi, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba ndani mna karatasi zinazoharibiwa na mwanga na zisifunguliwe. Likifika, kagua gundi ya kiwandani kabla ya kutia saini. Skana ya uwanja wa ndege si mshukiwa wa kwanza: karatasi hupokea mwanga polepole sana ikilinganishwa na filamu. Mshukiwa ni kisu cha anayekagua.

Wawili au watatu wanaweza kugawana boksi la 100. Gaweni gizani, kila fungu kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, nyuso zote zikielekea upande mmoja. Uso wenye dawa ni ule ambao karatasi inajikunjia kuuelekea. Kidole kilicholowa kidogo kikigusa kona, uso huo hunata. Hifadhi chumba kisichozidi nyuzi 21, au kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na ukilitoa boksi liache likiwa limefungwa hadi kesho yake. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa ya pwani utatua juu ya karatasi kama umande.

Juu ya boksi andika kwa kalamu ya wino tarehe ya kulifungua, sekunde na filta ya ile negativu ya kanzu. Miezi sita baadaye chapa tena karatasi moja kwa sekunde hizohizo, kwa dawa mbichi, na uiweke kando ya ile ya kwanza.